Katambuga Chini ya Kiti

Habari za msiba wa fundi Damiani zilinikuta jikoni nikimenya muhogo. Binti yake Koleta alinipigia mwenyewe, sauti imekauka. "Shangazi Zaina, baba ametutoka jana jioni. Tunamzika kesho saa nane, hapa hapa Makuyuni." Nikampa pole, nikamwambia nitakuwepo, kisha nikarudi kwenye muhogo wangu na kumenya hadi nikamenya mwingi kuliko sufuria. Ndipo nikaenda chumbani, nikavuta sanduku lililo chini ya kitanda, nikatoa kitu ambacho wanangu wamekuwa wakitaka kukitupa tangu wakiwa wadogo: soli ya katambuga, kile kiatu cha wafugaji kinachokatwa kwenye tairi la gari. Mguu wa kushoto, mmoja tu. Nikaifuta vumbi kwa khanga, nikaitia kwenye mkoba pamoja na rambirambi.

Mwaka ninaotaka kuueleza nilikuwa na miaka ishirini na minne, nami nilikuwa dereva. Mama Mwanaidi, mfanyabiashara wa mahindi pale Sindeni, alikuwa amenunua pikapu mjini Korogwe kwa mtu mmoja aliyekuwa na haraka ya kuhama, na kabla yangu walikwisha kupita madereva watatu. Aliponipa ufunguo, barazani kwake palicheka hadi vikombe vya chai vikatikisika. Mwanamke aendeshe pikapu hadi Korogwe, na barabara ile? Mama Mwanaidi hakuinua hata uso kutoka kwenye karai la maandazi. "Wanaume watatu wameniibia mafuta," alisema. "Safari hii nataka mtu anayeogopa." Nami nilimwogopa kweli. Alikuwa mwanamke mfupi, mpole wa sauti, na sijawahi kuona mtu anayeweza kukutazama kimya kwa muda mrefu namna ile bila kupepesa. Leo naona alikuwa amekosea kidogo tu katika hesabu zake: mtu mwoga haibi, sawa, lakini mtu mwoga huficha.

Nililala kwenye ghala lake, kwenye kona iliyotengwa kwa ukuta wa magunia. Usiku kucha wadudu walikuwa wakitafuna mahindi, na asubuhi niliamka na unga mwembamba kwenye nyusi kama bibi kizee. Kati yangu na baraza palikuwa na ubao mmoja tu, hivyo kila lililosemwa pale nje lilinifikia kitandani: nani kaposa, nani kafukuzwa, ng'ombe wa nani kaingia shamba la nani. Asubuhi uji, jioni bada, ule ugali wa muhogo, kwa kunde au mlenda. Nilikuwa nakula vizuri na nilikuwa na furaha, na naandika hili kwa sababu furaha yenyewe haikudumu hata miezi mitatu. Pikapu nayo nilikuwa naipenda. Ilisimama imeinua pua kama jogoo. Kosa lake lilikuwa moja, ilirukaruka kwenye kila kijiwe mpaka meno yanagongana, lakini sikuwa nimewahi kuendesha pikapu nyingine, nikadhani ndiyo tabia yao.

Ikaja masika. Alasiri moja nilikuwa narudi kutoka Korogwe peke yangu, nyuma nina katoni za sabuni na chumvi, mvua ikamwagika hadi barabara ikageuka mto mwekundu. Waipa ya upande wangu ilikuwa inafuta, inapumzika, inafuta tena inapojisikia. Nikiwa nimebakiza mwendo mfupi kufika Sindeni, gurudumu la mbele kushoto liliteleza likazama mtaroni, chini yangu kikasikika kishindo kizito kilichoambatana na kitu kama kukatika, kisha pikapu ikajirusha yenyewe ikatoka. Nikasimama. Nikashuka kwenye mvua kutazama. Na pale nyuma ya gurudumu, juu ya matope, palikuwa na katambuga. Mikanda yake imekatika, soli imetazama juu.

Niliita. "Nani yupo hapo? Jamani, nani yupo?" Maji ya mtaroni yalikuwa yanakwenda kwa kasi, yanabeba majani na vijiti, na mawazo yangu yakaona vyote ambavyo maji yale yangeweza kubeba. Niliingia mtaroni hadi magotini. Nilipapasa vichaka vya upande ule na upande ule, nikaita hadi sauti ikapasuka. Hakuna aliyeitika. Sijui nilitafuta kwa muda gani. Ninachojua ni nilichofanya baadaye, na sikipambi: niliokota lile katambuga, nikalisukuma chini ya kiti cha dereva, nikaondoka. Nilipofika, Mama Mwanaidi aliniuliza mbona nimelowa hivi na gari lina kioo. Nikasema nilishuka kusukuma.

Asubuhi yake pikapu ilikuwa imeinama mbele, upande wa kushoto. Mtu mwingine angesema gari limepata hitilafu. Mimi niliona ushahidi. Nilijiambia kwamba nimempiga mtu kwa nguvu hadi chuma kimepinda, na kwamba siku fundi yeyote atakapoingia chini ya gari lile atakuta kipande cha shuka jekundu kimenasa, au jambo baya zaidi. Mama Mwanaidi alitoka na kikombe chake cha uji, akaizunguka. "Mbona gari langu limesujudu kabla ya adhana?" Nikajibu kwamba ni udongo, umelainika. Siku ile ile nikajaza mchanga kwenye viroba vinne, nikavipanga nyuma kabisa, kwenye ukingo wa bodi. Uzito ukikaa nyuma, pua hunyanyuka. Tukiwa na shehena ya mahindi hakuna aliyegundua lolote. Tukiwa tupu, mchanga ulinifichia. Mama alipouliza mchanga wa nini, nilimwambia ni wa kuzuia tairi zisiteleze. Akanitazama kwa yale macho yake, akaniacha.

Miezi minne nilibeba mchanga. Naijua njia ya Sindeni hadi Korogwe kwa viatu vya watu zaidi ya ninavyoijua kwa mashimo yake, kwa maana kila mfugaji niliyempita nilimtazama miguu kabla ya uso. Jioni nililala nimetega sikio kwenye ubao. Jioni moja nikasikia mmoja wa wanywaji chai akisema, "Yule mzee Loishiye wa ng'ombe wekundu hajaonekana mnadani tangu masika." Mwingine akasema labda amehamia Kilindi. Wa tatu akasema, "Au amekufa, mzee yule. Lisemwalo lipo." Bada ilikuwa mbele yangu. Sikuigusa, na tangu siku ile nikawa nakula kama mgonjwa, matonge mawili matatu, kisha namsukumia paka. Nilikonda hadi suruali nikaifunga kwa kamba. Barazani wakasema natafuta mchumba. Wengine wakasema nimeshampata na ameniacha.

Kisha siku moja ya mnada, Handeni mjini, nikamwona mzee Loishiye kwa macho yangu, mzima, anabishana bei ya ndama. Nilimkimbilia. Nilitazama miguu yake: katambuga huku, katambuga kule, vidole vyote kumi mahali pake. Nilisimama nikivitazama hadi mzee mwenyewe akaacha biashara yake. "Binti," aliniuliza, "umepoteza kitu miguuni mwangu?" Nikasema, "Hapana mzee. Shikamoo." Nilirudi Sindeni naimba. Lakini kesho yake, njiani kwenda Korogwe, kufika kwenye ule mtaro wimbo ukakatika, kwa sababu wafugaji hawakuwa mmoja duniani. Nilikuwa nimemwondoa mmoja tu kwenye orodha.

Pikapu nayo ilizidi kushuka. Tairi la kushoto lilianza kusugua madigadi kila nikikata kona, likaliwa upande wa ndani hadi nyuzi zikachungulia. Usukani ulivuta kushoto kama unataka kunirudisha mtaroni. Taa za mbele ziliangaza vidole vyangu badala ya barabara. Mchanga haukutosha tena, na asubuhi moja Mama Mwanaidi akachukua fimbo ya kuchokorea majivu, akaipima kati ya tairi na madigadi, haikupita. "Kesho tunakwenda Makuyuni kwa Damiani," alisema. Nikaleta sababu. Nikasema mahindi ya watu yanasubiri, nikasema mafundi wa Makuyuni ni waongo, nikasema hata gari langu la ndotoni huwa limeinama. Akasema, "Tunakwenda wote. Nitakaa mbele." Usiku ule nilifunga nguo zangu kwenye furushi, kwa kuwa nilijua sitarudi.

Gereji ya Damiani ilikuwa kibanda cha mabati kando ya barabara kuu, mbele kidogo ya Korogwe, na fahari yake ilikuwa sakafu ya saruji iliyosawazishwa kwa maji. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, mrefu, mwenye uso wa mtu anayesikiliza. Babu yake aliletwa na mkonge kutoka kusini, akapimia mistari ya miche kwa kamba yenye mafundo. Mjukuu alirithi kamba. Haikuwa kamba ile ile, lakini ilikuwa ya mkonge na yenye mafundo, na ndiyo aliyopimia magari. Alikuwa na futi ya chuma ukutani, akaitumia kufungulia makopo ya rangi. "Futi inataka kusomwa, na msomaji hukosea," aliwaambia waliomcheka. "Kamba haisomwi. Ikifika kushoto na isifike kulia, umeshaona."

Jambo la kwanza alilosema lilikuwa, "Teremsheni huo mchanga." Nikateremsha kiroba kimoja kimoja, na kila kiroba kilichotua pua ya pikapu ilizama kidogo, mbele ya Mama Mwanaidi na mbele ya watu wawili waliokuwa wanasubiri pancha. Kilipotua cha nne, gari lilikuwa linanusa saruji. Damiani akanitazama. "Dada, anayeweka mchanga nyuma anajua kuna kitu mbele." Akanipandisha kwenye kiti changu, kwa sababu hakupima gari bila dereva wake ndani. Alisema gari huvaliwa kama kanzu, huwezi kuipima ikiwa kwenye msumari. Akashika mwisho wa kamba katikati ya gurudumu, akaivuta hadi ukingo wa madigadi, akabana fundo kwa kidole. Kulia. Kisha kushoto. Vidole vinne vizima vya tofauti. Akachukua ubao wake wa kulalia, akajisukuma chini, na mimi nikabaki kitini, mikono kwenye usukani, chini ya mapaja yangu nikilihisi lile katambuga kama jiko la mkaa.

Nilimsikia anagonga. Nilimsikia anakwaruza matope makavu. Halafu sauti zote zikakoma. "Dereva!" aliita. "Shuka. Njoo huku chini uone."

Niliingia chini ya pikapu kwa tumbo, kama mtu anayeingia kaburini mwenyewe. Tochi yake ilikuwa imemulika upande wa kulia, ule uliokuwa haujashuka. Juu ya ule mkono wa chuma unaobeba gurudumu, kati yake na chasisi, kulikuwa na soli ya katambuga imefungwa kwa waya. "Unaona ujanja wa watu?" alisema Damiani. "Gari hili halina springi mbele. Lina vyuma viwili virefu vinavyobeba uzito kwa kujinyonga, hivi hapa, tunaviita tosheni. Vimechoka vyote viwili, siku nyingi. Aliyewauzia, badala ya kuvikaza, amechomeka viatu ili gari lisimame wima mnunuzi aje. Ndiyo maana lilikuwa linaruka. Lilikuwa limekalia tairi juu ya tairi." Akahamisha tochi upande wa kushoto. Kulikuwa na waya uliokatika, unaning'inia. "Na huku ilikuwepo nyingine. Imedondoka, gurudumu lilining'inia kwenye shimo fulani ikachomoka. Kuanguka kwake ndiko kulikowaonyesha ukweli wa gari."

Sikumbuki nilivyotoka. Nakumbuka nimerudi na lile katambuga langu, nimelala tena chali kando yake, nikamkabidhi fundi. Alikata waya wa upande wa kulia, akaziweka soli mbili pamoja kifuani pake. Zote mbili zilikuwa za mguu wa kushoto. Zote mbili zilikuwa na alama ile ile ya duara pale chuma kilipozikandamiza, na tundu mbili mbili za waya. Hakuna binadamu mwenye miguu miwili ya kushoto. Hapakuwa na mfugaji. Hapakuwahi kuwa na mfugaji. Nilianza kulia pale pale, oili inanidondokea kwenye sikio, nikilia kwa sauti kama mtoto aliyepatikana sokoni, na kati ya kilio na kilio nasema alhamdulillahi. Damiani alishangaa. "Dada, ni soli tu," alisema. Uso wa Mama Mwanaidi ukachungulia chini ya bampa, juu chini, ushungi umemwangukia puani. "Kuna nini huko? Amekufa mtu?"

"Hapana, mama," nikamwambia. "Hajafa mtu!"

Kazi ilichukua mchana wote. Boliti za kukazia tosheni zilikuwa zimeshika kutu. Akazilowesha dizeli, akatuambia tukale. Kwa mama lishe wa ng'ambo ya barabara nilikula sahani mbili za wali na maharage, kisha nikaomba ukoko. Mama Mwanaidi alikuwa ananitazama tu. Tuliporudi, Damiani alikwisha kulinyanyua gari kwa jeki, magurudumu yananing'inia, maana boliti zile hazikazwi huku uzito umezikalia, zinavunjika meno. Alitia alama ya chaki, akazungusha mizunguko kadhaa upande wa kushoto, michache kulia, akateremsha, akalisukuma gari mbele na nyuma ili likae linavyotaka lenyewe, akapima kwa kamba. Bado kidogo. Akanyanyua tena. Mara tatu alifanya hivyo bila kukasirika. Mara ya nne fundo lilifika mahali pamoja kushoto na kulia. Akanionya kwamba kukaza ni kuinua tu, hakurudishi nguvu, hivyo nipunguze mzigo hadi apate tosheni nyingine, na kabla ya safari nipeleke matairi Korogwe yakanyooshwe. Zile soli akanipa zote. Nikamrudishia moja. Sijui kwa nini. Nadhani sikutaka kuwa peke yangu na jambo lile. Hakuuliza. Aliipigilia msumari ukutani, karibu na futi yake ya makopo.

Njiani kurudi, pikapu ilikuwa inatembea kwa upole hadi nikasikia ndege. Na mimi nikasema. Nilimweleza Mama Mwanaidi yote, mvua, mtaro, kuita, kuondoka. Hakunikatiza. Tulipokaribia mahali penyewe akasema, "Simama." Alishuka, akakunja khanga, akatembea hadi ukingoni, akainama akatazama mtaro uliokuwa mkavu na mtupu. Akarudi akafunga mlango.

"Hapakuwa na mtu," alisema.

"Hapakuwa, mama."

"Lakini wewe hukujua."

"Sikujua."

Tukafika nyumba za kwanza za Sindeni. "Nilitaka mtu anayeogopa," alisema mwisho, "sikusema anayeogopa na kunyamaza. Siku nyingine ukisikia kishindo, uniambie mimi kabla ya kuuambia mchanga." Nikadhani ndio mwisho wa kazi. Akaongeza, "Kesho tuna magunia kumi ya kupeleka. Na yule paka uliyekuwa unampa bada, amenenepa hashiki tena panya." Niliendesha pikapu ile miaka sita.

Jana tulimzika Damiani. Baada ya watu kupungua, Koleta alinichukua hadi gereji, ambayo sasa ni yake, ina mashine za kunyanyulia magari na vijana wanne. Soli ilikuwa bado pale ukutani, nyeusi kwa moshi. "Shangazi," alisema, "nilimuuliza baba mara nyingi siku ile ulilia nini. Alinijibu jibu moja tu: usimuulize, kuna siku atasema." Basi nikafungua mkoba, nikatoa ya kwangu, nikasema. Alicheka hadi machozi, machozi aliyokuwa nayo tangu asubuhi yakapata njia. Kisha akaacha kucheka, akauliza kile ambacho Mama Mwanaidi kwa ungwana wake hakuniuliza. "Na kama wakati ule kungekuwa na mtu kweli?"

"Ningekuwa nimemwacha kwenye mvua," nikasema. Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka. Koleta hakunifariji, nami nilimshukuru kwa hilo. Alichukua msumari, tukazitundika soli zote mbili pamoja, kushoto na kushoto.

Nilirudi kwa gari langu kabla jua halijazama. Barabara siku hizi ni lami, na pale kwenye mtaro wameweka kalavati na alama za kilomita. Niliwasha taa za tahadhari, nikaegesha pembeni, nikashuka, kama ninavyofanya kila nikipita, iwe nina haraka au sina, abiria walalamike au wanyamaze. Niliinama nikachungulia chini ya kalavati. Kulikuwa na majani makavu, chupa ya maji na mjusi mmoja. Hapakuwa na mtu. Nikavuta pumzi hadi mwisho, nikasema alhamdulillahi, nikaenda zangu nyumbani kupika ule muhogo uliobaki.